Kadude ka Mfukoni

Jamani, hivi kutaka kamera ya mfukoni nimemkosea nani? Mimi nataka kadude kadogo, kaingie mfukoni, halafu katoe picha kama yale makamera makubwa ya maharusini. Basi! Bunda nzima wananicheka.

Muuza simu wa stendi akanionyesha kimoja kimeandikwa megapikseli 48. Nikasema ndiyo hii. Arobaini na nane, bwana, nani anaikataa? Mpwa wangu anayesoma chuo Mwanza akaguna. "Mjomba, achana na megapikseli, uliza sensa." Akachukua rula, akanichorea nyuma ya daftari langu la madeni. Eti sensa ni kile kibamba cha ndani kinachonasa mwanga. Ya vikamera vya bei chee ni milimita 6 kwa 5 hivi, punje ya hindi inaizidi. Ya kamera kubwa ni kama 24 kwa 16. Ukizibana megapikseli zote hizo kwenye punje, giza likiingia picha inajaa chenga. Nikaitikia ehee, ehee. Sikuelewa kitu.

Eti zipo ndogo zenye sensa ya ukubwa uleule wa kamera kubwa. Fujifilm X100 ilitoka 2011. Ricoh GR ya 2013 inakaa hata mfuko wa shati. Nikaanza kucheka mwenyewe. Kumbe hazivuti! Ukitaka kitu kije karibu, usogee wewe kwa miguu. Sasa ndugu yangu, tembo wametoka Serengeti, wako Kunzugu wanakula mahindi ya watu, mimi nisogee?

Mpwa akaja na Sony RX100 ya 2012. Sensa 13.2 kwa 8.8, yaani katikati. Inavuta, kidogo lakini inavuta, na mchana kweupe picha yake huitofautishi na ya kubwa. Nikachukua ya mtumba. Mama watoto nimemwambia nimeazima.

Sendofu ya dada yake huyohuyo mpwa, nikaingia kifua mbele. Mshereheshaji akanidaka kwenye maiki: "Mzee, weka simu, mpishe kameramani!" Simu! Nikainyanyua juu waione. Shangazi akauliza kama inashika taarifa ya habari. Kameramani mwenyewe, kijana mdogo, lidude linamning'inia mpaka tumboni, akanihurumia, akanipa taa nimmulikie. Nikamulika mpaka ndafu ikakatwa. Sahani zikapita meza zote. Mshika taa hana meza.