Jinsi ya Kuifungia Pikapu Ekzosi Mpya Bila Kuwahamisha Kuku wa Jirani

Kabla hujaitoa pikapu Bokoli kumtafuta fundi Bungoma au Kitale, jiulize unatafuta nini. Ukitaka gari lipumue vizuri, endelea kusoma. Ukitaka kijiji kizima kijue umerudi kutoka sokoni, nunua honi. Bei yake ni nafuu na hunyamaza ukiondoa kidole.

Anza kwa kupakia magunia 11 ya mahindi ya kilo 90, karibu tani moja, ushike barabara ya kwenda Kitale. Gari likikata pumzi kwenye mwinuko, kagua kwanza chujio cha hewa, nozeli na mipira ya turbo. Ekzosi husingiziwa mengi. Na mlio, hata ukitikisa mabati, haubebi gunia la 12.

Usinakili bomba la rafiki yako. Dizeli yenye turbo hufurahia bomba pana, kwa kuwa moshi ukitoka upesi turbo huzunguka kwa wepesi. Petroli isiyo na turbo ukiipa bomba pana kupita kiasi, moshi hupoteza mwendo, na nguvu hupungua injini ikizunguka polepole, pale pale unapojikwamua kwenye tope.

Sailensa ibaki. Kanuni za Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinaidai, na tangu 2009 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina kanuni zake za kudhibiti kelele. Kama gari lako lina kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki, ndani yake mna madini ghali: platinamu, paladiamu na rodiamu. Fundi akisema kinaziba tu, umwachie akitupe, mshukuru kisha urudi nacho nyumbani.

Moto wa kuchomelea usiwashwe kabla waya wa betri haujatolewa, la sivyo kompyuta ya gari inaweza kuungua. Bomba lisisogelee paipu za breki wala za mafuta, wala tairi la spea lililoning'inia chini ya bodi. Halafu kuna kosa la pikapu hasa: gari tupu hukaa juu, likipakiwa bodi hushuka na bomba hugonga ekseli. Jua kali hakukosi watazamaji. Waombe wote wapande nyuma, warukeruke, nawe uchungulie chini.

Injini ingali baridi, washa, mtu azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kizito huku wewe ukisikiliza kila kiungo. Kikifoka, kirudiwe. Hapa usikubali haraka ya mtu yeyote: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa wamekaa vizuri kwenye kebini. Mdomo wa bomba upite nyuma kabisa ya bodi, maana hata nyuma hubebwa watoto.

Jioni muulize jirani kama mtoto wake aliamka gari lilipopita. Ikiwa ni Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wa Kibukusu wanapozunguka na kengele za chinyimba kuwaalika jamaa kwenye tohara, pita polepole kabisa. Wakati huo una wenyewe.

Baada ya safari chache, bomba likiwa limepoa, lala chini na spana ukaze bolti zote upya. Joto huzilegeza.