Jinsi ya Kumlea Maksai wa Manyoya

Nunua kwanza mashine ya upepo, ng'ombe baadaye. Watu wengi huanza na ng'ombe: wanampenda ndama mnadani, wanamlipia, wanamfikisha nyumbani, ndipo wanapong'amua kwamba mnyama wa kilo mia tatu aliyelowa chapachapa hakaushwi kwa draya ya saluni. Inatakiwa mashine yenye nguvu na mpira mrefu wa kupulizia, tena iwe ya kudumu, maana itanguruma kila siku kwa karibu mwaka mzima. Majirani watazoea. Ng'ombe atazoea kabla yao.

Mwongozo huu ni wa ng'ombe wa maonyesho wa Marekani, hasa wa Iowa, wale ambao picha zao zilizagaa duniani mwaka 2013. Aliyeanzisha gumzo alikuwa fahali mweusi aitwaye Texas Tornado, wa shamba la Lautner lililoko Adel, Iowa. Alikuwa amefura manyoya kuanzia mabegani hadi kwato. Walioiona picha wakagawanyika: hawa wakadai imechezewa kwenye kompyuta, wale wakadai ni aina mpya ya ng'ombe. Wote walikosea. Aina hiyo haipo. Kuna Maine-Anjou wenye asili ya Ufaransa, Shorthorn wa Uingereza, Angus wa Scotland, Simmental wa Uswisi, Chianina wa Italia, na machotara wao wengi. Halafu kuna mtoto wa mkulima aliyeamka kabla ya jua na ndoo mkononi. Manyoya yale ni kazi ya huyu wa mwisho, na ndiye ninayemwandikia kwa heshima zote.

Ndama hununuliwa majira ya kupukutika kwa majani, akishaachishwa kunyonya, ili awe tayari kwa maonyesho ya mwaka unaofuata. Tazama mgongo ulionyooka, miguu imara na mwendo mwepesi. Nywele ziangalie pia, ila usilewe nazo. Kabla ya kumpandisha mtamba wako kwa fahali mwenye nywele za ajabu, kuna jambo ambalo halina mzaha hata kidogo. Miongoni mwa Shorthorn, Maine-Anjou na machotara wao zipo kasoro mbili za kurithi zinazojulikana kwa vifupisho TH na PHA. Ndama wa TH huzaliwa miguu ya nyuma ikiwa imepinda, mifupa ya muundi ina kasoro au haipo kabisa, asiweze kusimama. Wa PHA mapafu yake hayakukua, na mwili umejaa maji hata kumhatarisha mama wakati wa kuzaa. Anayebeba kasoro kutoka kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima wa afya, na huweza kushinda mataji. Ukiwakutanisha wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta msiba. Vipimo vipo; Dk. Jonathan Beever, alipokuwa Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa mstari wa mbele kuvipata. Na sampuli yenyewe yaweza kuwa nywele chache za mkia zilizong'olewa na mizizi yake. Anayekataa kung'oa nywele hizo kwa kuogopa jibu, basi aache ufugaji, afuge maua.

Sasa mfundishe adabu. Mvishe hatamu, mfunge kwa muda mfupi, msugue kwa mswaki, mkune. Atavuta, utavutwa, mtafika mnakofika. Ukiwa mpole kila siku, atakuja kugundua kwamba anayeshika kamba ndiye anayeshika mswaki, na ubishi utaisha. Tafuta pia ile fimbo ndefu yenye ncha butu. Wageni huidhania ni ya kuchapia. Ni ya kumkuna tumbo ili atulie, na kumgusa ukwato ili asogeze mguu mahali panapotakiwa. Maksai aliyezoea kukunwa tumbo hata kelele za uwanja mzima hazimtishi.

Kazi yenyewe ni maji na upepo. Osha kwa maji baridi kila siku, wakati wa joto mara mbili. Shampuu tumia kwa kiasi, kwa kuwa sabuni nyingi hukausha ngozi na kuleta mba. Siku nyingi maji matupu yanatosha. Kisha chana nywele zikielekea mbele na juu, huku mashine ya upepo ikizifuata kutoka shingoni hadi mapajani, mpaka ng'ombe akauke hadi kwenye ngozi. Ukimwacha nusu mbichi, nywele zitalala vibaya. Endelea hivyo wiki baada ya wiki, nazo zitajifunza kusimama. Huo ndio muujiza wote. Hauuzwi kwenye chupa, ingawa chupa zinazouzwa ni nyingi.

Adui mkubwa ni kiangazi. Nywele za ng'ombe hufuata urefu wa mchana na hali ya hewa: siku zikirefuka na joto likiingia, koti la baridi hupukutika. Balaa ni kwamba maonyesho makubwa ya Iowa, pale Des Moines, hufanyika Agosti, wakati mahindi yamesimama na jasho linamiminika. Kwa hiyo wafugaji huwajengea ng'ombe chumba cha ubaridi, chenye kiyoyozi na feni, chenye mwanga hafifu, ili mwili uamini kwamba baridi haijaondoka. Mchana maksai amelala kwenye ubaridi juu ya maranda safi, usiku anatolewa malishoni kunyoosha miguu. Kuna binadamu wengi wanaoyatamani maisha hayo, na bili ya umeme inawahusu wazazi.

Hapa nimwombe msomaji wa Tanga au Mombasa asijaribu. Boran na zebu wetu wengine wana koti fupi linalong'aa kwa sababu nzuri: linapoza mwili, na kupe huonekana. Kumfugisha ng'ombe manyoya kwenye joto la pwani ni kumtesa. Tena uzuri wa ng'ombe si manyoya peke yake. Wanyarwanda wana inyambo, wenye pembe ndefu, waliopambwa shanga na kutungiwa mashairi ya sifa enzi za wafalme, na hadi leo wanatunzwa kwenye makumbusho ya kasri la Nyanza.

Chakula nitakipitia haraka. Majani makavu, mahindi, shayiri, madini, maji safi, yote kwa mizani. Maksai aliyekamilika hufika kilo mia sita hivi, na mafuta yakitangulia misuli, hakuna kitana kitakachokuokoa.

Asubuhi ya mashindano, mwingize kwenye kizimba chembamba cha chuma na ufungue kopo la gundi ya kupuliza. Nywele za miguu huvutwa juu, zikapulizwa gundi, zikachanwa tena, kisha zikapunguzwa kwa mashine ya kunyolea mpaka mguu uonekane mnene na ulionyooka. Mgongo husawazishwa uwe bapa kama meza. Kichwa hunyolewa kikabaki safi, tumbo huachiwa nywele ili umbo lionekane limejaa. Fundi hasa hujua mahali pa kuacha nywele na mahali pa kuondoa. Hakimu naye hujua kwamba fundi anajua, ndiyo maana huja na kuweka kiganja juu ya mbavu. Maonyesho kadhaa ya Texas, ya Houston yakiwamo, yamemaliza ubishi kabisa kwa kudai maksai wanyolewe wabaki na nywele fupi. Mimi nalipenda shindano la manyoya kwa moyo wote, lakini siwalaumu: mwili uliojengwa vizuri hauogopi wembe.

Mpaka uko wazi, na usiuvuke. Kuchana, kukausha na kunyoa ni ufundi. Kubandika nywele za mnyama mwingine, kudunga dawa ya kukuza misuli au kubadili rangi ni wizi. Mwaka 1972, kwenye maonyesho ya National Western ya Denver, taji la maksai bora lilikwenda kwa Big Mac, aliyeingizwa kama Angus mweusi. Baadaye ikabainika kuwa alikuwa Charolais, ng'ombe wa jamii ya weupe, aliyepakwa rangi. Taji likavuliwa, na jina lake bado linatajwa.

Ukimaliza, toa gundi yote siku hiyohiyo kwa mafuta maalumu na sabuni, bila kujali umeshinda au umeshindwa. Nywele zikilala na gundi hukatika, na maonyesho mengine yako mlangoni.

Kuna siku moja ambayo mashine ya upepo haisaidii. Mtamba hurudi nyumbani akazae. Maksai wa nyama hupigwa mnada, fedha zikaenda mara nyingi kwenye karo ya chuo ya mtoto aliyemlea, na mnyama akaenda machinjioni. Watoto wa vikundi vya vijana wakulima, 4-H na FFA, wanalijua hilo tangu siku ya kwanza, na bado utawaona wameegemea shingo ya ng'ombe wakilia. Usiwacheke wala usiwaambie wanyamaze. Wamemtendea mnyama yule wema kila siku ya maisha aliyokaa kwao, na wengi wakirudi shuleni wameshaanza kuulizia ndama mwingine.

Ukijaliwa kufika Des Moines mwezi wa Agosti, ingia kwenye mabanda ya ng'ombe alfajiri, mashine zinaponguruma. Salimia, uliza maswali, sifu kazi. Ila usimpapase maksai aliyekwisha kupambwa kabla hujaomba ruhusa: kuna mtoto ametumia asubuhi nzima kuzisimamisha nywele hizo.