Sifa za Ekzosi Iliyotobolewa

Wapo waliosifu mnazi, wapo waliosifu jahazi, na wapo waliomaliza wino kusifu macho ya watu ambao hata salamu hawakuwahi kuwajibu. Ekzosi ya bodaboda iliyotobolewa haijapata wa kuisifu, japo kila usiku inajisifu yenyewe kutoka Buguruni hadi Vingunguti, hapa Dar es Salaam. Leo naipokea kijiti, ipumzike.

Ushahidi ninao, maana tendo lilifanyika barazani kwangu, Jumapili moja, mpwa wangu alipokuja na pikipiki yake ya Boxer na grenda ya kukodi. "Mjomba, nikanyagie hapa lisicheze," akaniambia. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, nikakanyaga.

Alifungua nati mbili pale bomba linapoingia kwenye injini, kisha bolti moja karibu na kikanyagio cha abiria, bomba likatoka zima. (Kabla ya hapo aliungua vidole viwili, kwa kuwa kusubiri lipoe ni kazi ya wazee.) Grenda ikakata kitako chake, na ndipo nilipoona jinsi mtengenezaji alivyomchukia mpwa wangu. Mle ndani mna nyumba ya kupanga: visahani vya bati vimesimama kama kuta, na kila ukuta una kijibomba kisichotazamana na cha ukuta wa pili. Moshi ukiingia chumba cha kwanza hauoni mlango, unazunguka, unagonga, unarudi, na wimbi la sauti linalorudi linakutana na linalokuja, yanamalizana humo humo. Kinachofika nje ni pumzi tu ya mtu aliyekubali yaishe.

"Wameibana, Mjomba," alisema mpwa wangu kwa sauti ya msibani. Akachukua kipande cha nondo na nyundo, akaanza kuvunja kuta.

Tuwakumbuke basi walioibana. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, aliunda bombomu yake mwaka 1884, na bunduki za namna hiyo ndizo Wajerumani walizozielekeza kwa wapiganaji wa Maji Maji waliposhambulia boma la Mahenge mwaka 1905. Mzee Maxim aliharibikiwa masikio kwa milio ya kazi yake mwenyewe. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akapata hataza ya kuzima mlio wa bunduki mwaka 1909, na maarifa hayo hayo ya kuuchosha mlipuko kwa kuuzungusha yakaingia pia katika mabomba ya injini. Nyumba moja, baba anapiga kelele, mtoto anazima. Mpwa wangu hajapata kusikia habari zao, lakini ameshachagua upande: yuko na mzee.

Msimcheke. Hapa pwani sauti nzito ilikuwa cheo. Pate walikuwa na siwa yao, baragumu la pembe za ndovu, Lamu wakawa na yao ya shaba, na siwa haikupulizwa na kila mwenye mapafu. Ilikuwa ya watawala na waungwana. Ililia kwenye harusi zao na shughuli zao, na mtu wa kawaida kazi yake ilikuwa kuisikia. Siku hizi siwa hizo zimetulia makumbusho, na Mungu si Athumani, kila kijana mwenye pikipiki ya mkopo anaweza kuchomelewa ya kwake. Anapita mtaani saa nane za usiku, na mtaa mzima, mwenye ghorofa na mwenye banda, unajulishwa kwamba fulani bin fulani amepita. Wamarekani walijaribu kuirudisha sauti kwa waungwana: kampuni ya Harley-Davidson iliomba mwaka 1994 mngurumo wa injini zake usajiliwe kama alama ya biashara. Wenzake wakapinga, na mwaka 2000 ikaondoa ombi. Buguruni hakuna aliyejaza fomu yoyote.

Sasa nifike kwenye besi, maana besi ndiyo iliyotuleta barazani. Injini ya Boxer ina silinda moja, nayo hulipuka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, milipuko ni 50 kwa sekunde, na hiyo ni sauti nzito kweli, karibu na ile ya chini kabisa kwenye gitaa la besi. Ilikuwemo tangu kiwandani. Vyumba vile vya bati vinazima kwa urahisi zaidi sauti nyembamba, zile za kuchanika na kukwaruza, na nzito ndiyo inayovisumbua. Kwa hiyo ukivunja kuta, besi huiongezi sana. Unachofungulia ni vile vyembamba vyote vilivyokuwa vimefungiwa. Mpwa wangu alirudishia bomba, akapiga kiki, na karanga gunia zima zikamwagika kwenye kikaango cha moto. Akiachia mafuta ghafla, petroli isiyoungua inakutana na hewa inayopenya kwenye ule uchomeleaji wetu, bomba linapiga risasi. Mbuzi wa jirani alikata kamba.

"Umeisikia besi, Mjomba?"

Nilimwambia nimeisikia. Mjomba hufanyaje?

Na fadhila zake ni nyingi. Inaokoa maisha, wanasema wenyewe, kwa kuwa dereva wa lori atakusikia kabla hajakuona. Mdomo wa bomba unatazama nyuma, kwa hiyo wanaoonywa kwa bidii zaidi ni wale uliokwisha kuwapita, lakini onyo ni onyo. Inafundisha hesabu pia: desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara 10, jambo ambalo darasani sikulielewa na barazani nililielewa kwa kiki moja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 liliwapendekezea watu wa Ulaya usiku usiozidi desibeli 40 nje ya nyumba. Hao wana madirisha ya vioo viwili. Sisi dirisha letu ni nondo na wavu wa mbu, kwa hiyo tunafaidi zaidi. Hata serikali imeithamini, ikaitungia kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015, heshima ambayo mnazi haujapewa.

Watoto wachanga hawakuulizwa. Wala mama wa nyumba ya tatu, mwenye presha, ambaye siku hizi akiniona njiani anaitikia salamu yangu akitazama pembeni.

Vile visahani vya bati sijavitupa. Kimoja kinazuia mlango wa jikoni usijifunge, na kinafanya kazi hiyo kimya kabisa. Na wewe msomaji, ukishtuliwa usingizini saa nane ukasikia karanga zinapita kuelekea hospitali ya Amana, huyo ni mpwa wangu, amempakia mgonjwa. Usimtukane. Mtukane mjomba wake aliyekanyaga bomba.