Akina mama, muwe endelevu

Mwanamke wa Epulu, Kongo, akitaka fedha za mfadhili, kwanza awe na karatasi. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2001, hadhi ya kisheria ya shirika lisilo la faida hutolewa na Waziri wa Sheria, na waziri yuko Kinshasa. Okapi, mnyama aliye jirani yake msituni, alipata hifadhi yake mwaka 1992, ikaingia urithi wa dunia mwaka 1996, na kichwa chake kimefichwa ndani ya noti za faranga za Kongo: inua moja kwenye mwanga, utamwona. Hakuombwa katiba wala muhtasari wa mkutano.

Karatasi ikipatikana, linafuata somo. Mgeni wa mfadhili anashuka garini, anabandika karatasi kubwa ukutani, anawafundisha wauza mihogo na mawese namna ya kuwa endelevu: wasitegemee mtu mmoja, waweke akiba, wajiandae kwa siku mbaya. Wanaitikia, wanasaini mahudhurio, wanapiga makofi. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja, na kufika Julai shirika lake la misaada, USAID, lenyewe likawa limekoma rasmi kutoa misaada. Mwalimu wa uendelevu hakudumu.

Likelemba yao, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, isiyo na nembo wala mhuri, bado inazunguka. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wakubwa watakuja tena kukaa viti vya mbele na kuhutubia. Vitenge vya sare, kama kawaida, kila mama atajinunulia.