Mwongozo kwa Atakayethubutu Kuigawanya Embu

Mgeni wa kaunti za Meru na Embu nchini Kenya huonywa kuhusu miraa na muguka. Hakuna anayemwonya kuhusu namba mbili zilizotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu baada ya sensa ya usiku wa 24 Agosti 2019: Meru watu 1,545,714, Embu 608,599. Siku moja abiria wa matatu atakulalamikia kwamba keki ya taifa haigawanywi sawa. Hapo ndipo utakapotoa simu uanze hesabu.

Meru itakubembeleza. Jumlisha tarakimu zake: 27. Basi inagawika kwa tisa, na maeneobunge ya Meru, kuanzia Igembe Kusini hadi Imenti Kusini, ni tisa! Kila moja watu 171,746, habaki mtu. Usiitamke hesabu hii mjini Maua wala Nkubu. Maeneobunge yenyewe hayalingani, na Katiba, kifungu cha 89, inaruhusu eneobunge lizidi au lipungue hadi asilimia 30 ya kiwango cha taifa, 40 kwenye majiji na sehemu zenye watu wachache. Utakuwa umeahidi usawa ambao hata sheria haikuudai. Ukijaribu wadi zake 45, watu tisa wanakosa pa kwenda.

(Njiani kwenda Embu utapita Chuka, lakini hiyo ni Tharaka-Nithi. Iache.)

Embu haibembelezi mtu. Maeneobunge manne: wanabaki watatu. Wadi 20: wanabaki 19. Jaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 2, 3, 5, 7, na zote zitakataa mpaka ufike ya kumi na sita, 53. Hapo inafunguka: 53 mara 11,483, na hiyo 11,483 nayo ni tasa. Meru ina vigawo 24. Embu ina vinne tu, ukihesabu moja na Embu yenyewe. Kwa hiyo anayetaka haki kamili bila baki aunde wadi 53, au wadi 11,483 zenye watu 53 kila moja. Mpango huu wa pili usiufikishe kwa wanasiasa; wataupitisha.

Tahadhari nyingine. Wanawake wa Embu walikuwa 304,367, wanaume 304,208. Tofauti ni 159, yaani 53 mara tatu. Ni sadfa tupu, lakini ukiisema sokoni Kiritiri, kufikia jioni utakuwa na waumini.

Dawa ya Embu ni mtoto mmoja. Akizaliwa kabla tu ya usiku ule wa sensa, wanakuwa 608,600: kila eneobunge 152,150, kila wadi 30,430, na hakuna baki. Mtoto huyohuyo akizaliwa Meru, tisa inagoma papo hapo. Kwa hiyo ukikutana na mama mjamzito kwenye matatu, mwombe kwa heshima ajifungulie Embu, na asijifungue pacha.