Tondozi ya Bamba la Mgongoni

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana tumelelewa kubana sifa. Bamba la mgongoni halina hatari hiyo. Lisifu mchana kutwa na usiku kucha, litabaki lilivyo: kipande cha stenlesi chenye unene wa milimita 3 hivi, uzito wa karibu kilo 2.7, kimetobolewa matundu, hakina rangi wala haya. Kwa kuwa maneno mazuri hayalidhuru, leo nalimwagia.

Kwa asiyelijua: mzamiaji wa mtungi anahitaji kitu cha kuushikilia mtungi mgongoni, na mfuko wa hewa wa kumsaidia kuelea. Wengi huvaa jaketi. Jaketi lina mifuko, lina sponji, lina vifungo vya plastiki vinavyolia ta! na kazi imekwisha. Wachache huvaa bamba lililopitishwa mkanda wa nailoni wenye upana wa sentimita 5, na kati ya bamba na mtungi hukaa bawa, yaani kibofu cha hewa chenye umbo la pete kubwa. Orodha imeishia hapo. Ukitaka mfuko wa kutia simu, rudi dukani.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo wake, na bamba si mtoto wa kuokota. Lilizaliwa kaskazini mwa Florida, Marekani, miaka ya 1970 ilipokuwa ikiishia, kwa watu ambao raha yao ni kuingia kwenye mapango yaliyojaa maji. Greg Flanagan ndiye anayetajwa kulibuni, na William Hogarth Main ndiye aliyelipunguzia makorokoro mpaka likabaki mifupa. Pangoni hakuna kupanda juu ukipata shida, maana juu ni mwamba. Watu wale walitaka kitu cha kubeba mitungi miwili kwa bolti mbili zilizoachana kwa sentimita 28 hivi, kisichokatika, na kitakachomlaza mwogeleaji tumbo chini ili mapezi yake yasitimue tope. Tope likitimka mle ndani, njia ya kutokea haionekani. Hiyo ndiyo nasaba: bamba limetoka kwa watu wasiokuwa na nafasi ya kukosea, likaja kukaa mgongoni kwa mtalii anayekwenda kutazama kasa kisiwani Mnemba.

Sifa yake ya kwanza ni kufundisha subira. Mkanda mpya wa nailoni ni mkavu na mgumu, na upenyo wa kwenye bamba una upana wa mkanda wenyewe, bila nyongeza. Unauloweka ili ulainike. Unaukata, kisha unauchoma ncha kwa kiberiti cha gesi ili nyuzi zisifumuke. Nailoni inayeyuka, inatoa tone jeusi, tone linaganda na kuwa kipele kigumu ukingoni. Kipele hicho hakipiti kwenye upenyo. Unakikwangua kwa kisu, unapitisha mkanda, unaingiza kibanio cha chuma, unaingiza pete ya kuning'inizia vitu, unarudisha mkanda kwenye kibanio kilekile, ndipo unapogundua kwamba pete imeingia upande usio wake. Unaanza upya. Hakuna chuo cha ualimu kinachotoa mafunzo haya kwa bei ya mkanda mmoja.

Halafu mkanda wenyewe ni mmoja tu, mzima, unaotoka shingoni, ukapita mabegani, ukaingia chini ya makwapa na kuja kufungwa kiunoni. Ukifupisha bega, kiuno kinarefuka. Ukikivuta kiuno, bega linakaba. Ni kugawa shuka moja kwa watoto watatu. Mwisho wa mvutano unakuja siku unapovaa na kuweza kupitisha mkono chini ya mkanda begani bila shida, ukapeleka vidole nyuma ya shingo na kugusa ukingo wa juu wa bamba, na kidole gumba kikafika kwenye pete ya kifuani bila kuitafuta. Siku hiyo bamba limekuwa lako. Haliazimiki, maana halimtoshi mtu mwingine. Jirani mwenye tabia ya kuomba vitu hupita mlangoni akalitazama, akaenda zake.

Sifa ya pili ni kuondoa makuu. Kuna mkanda mwingine unaotoka chini ya bamba, ukapita katikati ya mapaja na kuja kukutana na bizimu ya kiunoni. Kazi yake ni kuzuia mzigo mzima usipande ukakaba shingo. Nimeona watu wenye vyeo wakiutafuta mkanda huo kwa mkono wa nyuma, wameinama, abiria wote wa boti wakitazama upande wao. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na bamba halijali kama ni meneja au ni profesa anayeinama. Hata ukishafika majini, ukilijaza bawa hewa kupita kiasi ukiwa juu ya maji, litakusukuma uso mbele, ukumbuke kwamba wewe ni mgeni baharini.

Na safarini je? Uwanja wa ndege, mashine ikishaonyesha chuma chenye matundu, mwenye begi huitwa pembeni.

"Kaka, hiki nini?"

"Nguo, afande."

Abiria anayefuata huvutiwa na mazungumzo hayo kuliko na safari yake. Wasafiri wanaoukwepa uzito hununua bamba la alumini, la chini ya kilo moja. Lakini chuma kina hoja yake. Mtungi wa alumini, aina ambayo mzamiaji wa mwambao wetu hupewa mara nyingi, huanza kutaka kuelea hewa inapokaribia kwisha. Kilo zile za bamba zimekaa mgongoni, palepale penye mtungi, na uzito wa madini ya risasi unaovaliwa kiunoni ili kuzama unapungua.

Sifa kubwa kuliko zote, ambayo wapinzani huiita adha, ni kutaka kuoshwa. Kumwagia maji nje hakutoshi. Maji ya bahari huingia ndani ya bawa kila unapotoa hewa, na yakikauka huacha chumvi. Ukikifungua kitufe cha kujazia hewa cha mtu mvivu, utaiona: chembe nyeupe zimejipanga kuzunguka springi, nyingine zimeng'ang'ania kwenye pete ya mpira. Kitufe kama hicho hunata. Ukikibonyeza kinaweza kukataa kurudi, na hewa ya mtungi ikaendelea kuingia kwenye bawa bila kuitwa. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kwa hiyo hewa iliyoko ndani ya bawa inakua kadiri unavyopanda, na kadiri inavyokua ndivyo inavyokupandisha kwa kasi zaidi. Mapafu hayapendi safari hiyo. Dawa ni kuchomoa upesi mpira unaoleta hewa, huku ukitoa hewa iliyokwisha kuingia. Dawa bora ni ndoo.

Basi unamimina kwenye bomba la bawa maji yasiyo na chumvi, ambayo visiwani pengine utayanunua kwa kuwa kisima nacho kina chumvi. Unalitikisa bawa, unaligeuza, unayatoa kwa vali ya chini yenye kamba, unarudia. Kisha unalijaza hewa na kuliacha usiku kucha. Likilegea asubuhi, unalizamisha kwenye beseni na kutafuta linapotoa mapovu: pengine ni punje ya mchanga kwenye vali, pengine ni kibofu kilichobanwa kati ya bamba na mtungi. Ukimaliza, unakaza nati na kupapasa mkanda kama kuna nyuzi zilizochanika.

Wapinzani husema jaketi halina usumbufu wote huo. Si kweli. Jaketi nalo huingia chumvi, nalo lina kitufe na vali, ila hukaa kimya na sponji lake mpaka siku ya siku. Bamba huweka kila ila yake nje, na kila kipande chake hubadilishwa peke yake: mkanda ukichakaa unanunua mkanda, vali ikifa unanunua vali, chuma kinabaki. Ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyekiunda chake kwa mikono yake ndiye anayejua pa kushika kiza kinapoingia.

Kwa hiyo msomaji, ukishawishika, linunue. Tenga siku nzima kwa ajili ya mkanda, vaa na kuvua nyumbani kabla ya kwenda kumaliza subira ya nahodha, na kila ukitoka baharini osha ndani ya bawa kabla hujaoga mwenyewe.