Bahari Iliyoingia kwa Brashi

Nyumba za zamani za Pangani hazikai na rangi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni boriti za mikoko, na masika yakipita ukuta huanza kutoa unga mweupe kwa chini. Lipu inavimba, kisha inadondoka nyuma ya kochi, mahali ambapo mgeni haoni. Kwa hiyo habari ilipotufikia kwamba wazee wa upande wa kijana watakuja kumposa binti yangu mkubwa, la kwanza kuzungumzwa nyumbani kwetu halikuwa mahari wala pilau. Lilikuwa rangi.

Binti yangu mdogo anasomea mapambo ya nyumba Dar es Salaam, na alikuwa likizo. "Mama, sebule niachieni mimi," akasema. Baba yake, aliyekuwa amekwisha kuanza kupiga hesabu ya fundi, akakubali kabla mtoto hajafunga mdomo.

Jioni ile akatuonyesha picha kwenye simu. Jengo jeupe liko Lochmaddy, katika kisiwa cha North Uist huko Scotland. Wasanii wawili wa Finland, Pekka Niittyvirta na Timo Aho, walizungushia kuta zake mistari ya taa. Bahari ilipojaa, taa ziliwaka na kuonyesha mahali ambapo maji yanaweza kufika miaka ijayo. Mwanangu akasema hicho ndicho anachotaka sebuleni kwetu: kila anayekaa aone bahari inakokwenda. Baba watoto akaitazama picha kwa muda, akauliza bili ya umeme inakuwa shilingi ngapi.

"Baba, Rais Mohamed Nasheed wa Maldives mwaka 2009 alikaa kikao cha baraza la mawaziri chini ya maji, na meza zao, ili dunia imsikie."

"Yeye alikuwa rais. Mimi nina posa."

Aliyeumaliza ubishi huo ni mama mkwe wangu. Bibi alizaliwa mjini hapa na anakikumbuka kisiwa cha Maziwe kilipokuwa kisiwa, kina mivinje, kina kivuli, wavuvi wanapiga dago na kasa wanapanda kutaga. Miaka ya 1970 inakwisha, mti wa mwisho ulikuwa umeshakwenda na maji. Leo ni fungu la mchanga: maji yakipwa unalitembelea, yakijaa hulioni, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa pwani ya Ushongo yasizame. Bibi anashikilia kwamba kosa ni la waliokata mivinje, mchanga ukakosa wa kuushika. Mjukuu wake anasema na bahari nayo ina lake. Hata wataalamu wamebishana juu ya sababu hizo, kwa hiyo mimi nilinyamaza, nikaendelea kuchambua mchele. "Mwacheni mtoto achore," Bibi akasema. "Maziwe haikuchorwa na mtu, na haipo."

Sasa, mstari unachorwa wapi? Mtu angechukua brashi akapiga popote panapopendeza, lakini huyu wangu aliazima kwa fundi ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wanaopimia levo. Yeye akashika ncha moja ufukweni, kwenye alama ya uchafu ulioachwa na bamvua, mdogo wake akashika nyingine. Wakapanda nao kipande kwa kipande hadi mlangoni kwetu, wakigombana kila povu la hewa lilipoingia mpirani na kuharibu kipimo. Watoto wa mtaa walifuata nyuma kama msafara wa maulidi. Jibu likapatikana: kizingiti chetu kimepita maji ya bamvua kwa sentimita 70.

Akaketi na daftari, akatusomea. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Mwendo wenyewe umeongezeka, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Barafu ya milimani, ya Greenland na ya Antaktika inayeyuka, na maji ya bahari yenyewe yakipata joto yanavimba. Kufikia mwaka 2100, kwa makadirio ya wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, dunia ikipunguza sana moshi wake bahari itapanda sentimita 28 hadi 55; ikiuachia uzidi, 63 hadi 101.

Baba watoto alikuwa mhasibu wa ushirika, tarakimu hazimpiti. "Hamsini na tano ukitoa kwenye sabini, maji hayafiki mlangoni. Basi hakuna mstari."

"Mia na moja, baba."

"Sentimita thelathini na moja."

"Ndiyo. Na hapo sijaweka mawimbi ya kusi."

"Ukuta wa bahari upo."

"Ukuta unazuia wimbi, baba. Maji ya chini ya mchanga hauyazuii. Kisima chetu mbona kinapanda na kushuka na bahari?"

Hilo la kisima hatukuweza kulikataa, maana ndiyo sababu tunakitumia kufulia tu.

Basi mstari ukapigwa sentimita 31 kutoka sakafuni, ukazunguka sebule nzima na kukata mlango wa chumba cha Bibi. Chini yake kukapakwa rangi ya mafuta ya bluu, juu nyeupe. Kila kitu cha thamani kikapandishwa juu ya mstari: kabati la vyombo likawekwa juu ya matofali, redio ya Bibi ikatundikwa msumarini, na mimi nikawa nachukua sahani kwa kupanda stuli. Ukutani akatandaza jarife kuukuu la mjomba wake, akashonea makombe na kome aliowaokota mwenyewe.

Jarife halikuwa limefuliwa. Na ndani ya baadhi ya kome mlikuwa na wenyewe.

Harufu ilianza polepole, tukadhani ni mtaro. Kisha paka wakaja. Nasema paka, si paka wetu. Ni paka wa sokoni, wa msikitini, wengine sijapata kuwaona. Waliketi barazani wakilia usiku kucha, na mmoja akaingia kwa dirishani akajinyonga nusu kwenye nyavu zile, akaangusha kipande kizima cha mapambo juu ya kochi. Kesho yake asubuhi baba watoto alilibeba jarife hadi ufukweni mikono ameinyoosha mbele, hasemi na mtu.

Mwanangu hakukata tamaa. Akabakiza taa. Akanunua mkanda wa taa ndogo za betri, akaubandika kwenye mstari, waya akaupitisha uani hadi kisimani, kwenye swichi ya boya, ile mafundi wanayofunga kwenye matangi. Maji yakipanda kisimani boya linainuka, sebule inawaka. Tulijaribu, ikafanya kazi. Kitu ambacho hakuna aliyekiwaza ni kutazama tarehe ya posa itakuta mwezi umefikia wapi angani. Ilikuwa bamvua, na bamvua kwetu hujaa jioni.

Wageni walifika baada ya alasiri, wakakaribishwa, kahawa na kashata zikapita. Mshenga akaanza kwa maneno mazuri, kwamba wameona ua katika nyumba hii, na sisi tukiinamisha vichwa kama inavyotakiwa. Madirisha yetu ni madogo, sebule ilikuwa na kiza kidogo. Katikati ya ua, chumba kizima kikawaka bluu kutoka chini, bila mtu kugusa kitu. Mshenga alivuta miguu yote miwili juu ya kochi. Mzee mmoja akaanza Ayatul Kursi kwa sauti.

"Shikamooni, wazee," mwanangu akasema kutoka mlangoni, birika mkononi. "Ni maji yamejaa kisimani tu." Akaeleza yote: sentimita, barafu, Maziwe, mwaka 2100.

Pakawa kimya. "Kwa hiyo," mshenga akauliza taratibu, "mnatuoza kwenye nyumba inayozama?"

"Bibi harusi anahamia kwenu, sheikh," Bibi akajibu toka chumbani. "Ninyi mmeshapima kwenu?"

Kicheko kilichotoka kiliwaokoa wote. Lakini baba mdogo wa kijana, fundi wa ujenzi wa Bweni, ng'ambo ya mto, hakucheka. Alikuwa ameinama anautazama ukuta. Rangi ya bluu ilikuwa imevimba malengelenge makubwa kote chini ya taa. Akabonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, unga wa chumvi ukammwagikia kanzu. Akavuta ncha ya rangi na ikamfuata mkononi, upande mzima.

"Nani kapaka rangi ya mafuta juu ya matumbawe?" akauliza. Akatueleza kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa nje. Ukiuziba kwa mafuta, maji yanakwama nyuma, chumvi inabaki na kuusukuma. Akapima kwa shubiri unyevu ulipoishia. Ulikuwa umepita mstari wa mwanangu.

"Ya mwaka 2100 umeyaweka chini ya ya leo," akamwambia. Mwanangu akaandika.

Posa ilikubaliwa, mahari tukayamaliza kabla ya magharibi. Ukuta utakwanguliwa na kupakwa chokaa, na mstari umeruhusiwa kurudi kwa chokaa iliyotiwa nili. Kabati bado liko juu ya matofali kwa amri ya Bibi.

Juzi baba mdogo wa kijana ameleta salamu. Anajenga chumba cha maharusi Bweni, msingi haujamwagwa zege, na anamwomba mwanangu avuke na ule mpira ampimie kwanza. Baba watoto amejibu kwamba mpira ni wa kuazima, nauli ya pantoni iwe juu yao, na ile mikebe miwili ya bluu iliyobaki wanaweza kuichukua bure.